Fundi Anayeshusha Pua ya Gari ili Bibi Apande

Saa tatu asubuhi, fundi amelala chali chini ya gari la kizamani, miguu tu ndiyo inayoonekana. Mwenye gari, dereva mstaafu, anazunguka huku na huku, mikono nyuma.

"Fundi, limekaa upande," anasema. "Kushoto kumenyanyuka."

Fundi anatoka, anachuchumaa mbele ya gari. Kweli. Kulia kumeshuka vizuri. Kushoto kumebaki juu, upana wa vidole viwili. Uso unamshuka.

Springi za mbele alizikata yeye mwenyewe jana, kwa msumeno, baada ya kumtaja Mungu. Nyingine hazipatikani. Gari lina umri kumzidi fundi, na springi ikishakatwa haiungwi.

Sababu ya kukata ni mke wa dereva. Fundi mwingine aliwahi kufunga springi za pikapu, gari likainua pua kama linanusa mvua. Bibi ana goti bovu. Kupanda kukamshinda. Tangu hapo mzee huenda ibadani peke yake, mkewe hubaki nyumbani.

"Aliniambia, 'Gari lako likijifunza adabu, ndiyo uje unichukue,'" anasimulia mzee. Anajaribu kucheka.

Kisha anashauri: "Kata tena kidogo huku kushoto."

"Mzee wangu, nikikata kwa hofu, mchana tutabaki na pete, si springi," anajibu fundi. "Springi nilizilaza mezani pamoja, zikalingana. Kosa halipo kwenye springi. Liko mkononi mwangu, ngoja nilitafute."

Kazi hii alifundishwa na shemeji yake, aliyemwoshesha nati kwa petroli mwaka mzima kabla ya kumpa spana. Leo ana miaka hamsini na miwili, na ua wa nyumba yake ndio gereji. Mwezi mzuri hupata magari sita. Mwezi mbaya, mawili.

Anarudi chini ya gari. Anapapasa boli moja moja. Halafu kicheko.

Mikono ya chuma inayobeba tairi hucheza kwenye bushi, vipete vya mpira vinavyopitiwa na boli. Boli zake hazikazwi tairi zikining'inia kwenye jeki, hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Jana, huku akipiga soga na mzee kuhusu safari zake za udereva, alikaza za kushoto mapema. Gari liliposhushwa, mpira ulijisokota kama nguo inayokamuliwa, ukalizuia lisishuke.

Analegeza boli. Gari linaguna kama mtu mzima anayekaa kitini, linashuka taratibu. Pande zote sawa. Fundi anatoka na kukaa chini, mgongo kwenye bampa.

"Asante Mungu," anasema. "Roho ilikuwa mkononi."

"Kumbe soga zangu ndizo zilizosokota mpira?" anauliza mzee.

"Hasa ile ya daraja, mzee. Ilikuwa tamu mno."

Safari hii anakaza boli huku tairi zikiwa zimekanyaga mbao nene. Lakini gari likishashuka mbele, tairi hubadilisha mwelekeo, kila moja ikatazama kwake. Basi anavuta uzi kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele, anapima nafasi kwa rula, anazungusha vyuma vya usukani kidogo kidogo, anapima tena. Kwa ajili hiyo majirani humwita Bwana Uzi.

Barabarani, panaponyooka na hakuna mtu, anaachia usukani kidogo. Gari halivuti kokote.

Wanasimama mlangoni kwa mzee. Bibi anatoka na mkongojo, analitazama gari kutoka taa hadi tairi.

"Limeacha kiburi?"

Mzee anakimbilia kumshika.

"Mkono wako nitauomba nikiuhitaji," anasema bibi. Anageuka, anakaa kitini kwanza, halafu anaingiza mguu mmoja, kisha ule mbovu. Hajashikwa na mtu. Mzee amesimama na mlango mkononi.

"Haya, twende."

"Wapi, mama?"

"Nimeuliza wapi? Twende."

Fundi anarudi kwa miguu, akitabasamu. Anataka kumwaga sakafu ya saruji uani, maana ua wake una mteremko, na hulazimika kulisawazisha kila gari kwa mbao kabla ya kulipima.

"Mke wangu amekubali," anamwambia jirani njiani. "Sharti lake, gari la kwanza kushushwa humo liwe letu, naye goti limeanza kumuuma. Nikamwambia, mama, sisi hatuna gari. Akaniuliza, 'Kwani sakafu tunayo?'"