Bisibisi Nyuma ya Sikio la Baba

Sauti ile niliisikia kwanza nikiwa jikoni kwa wazazi wangu, nje kidogo ya mji wa Machakos. Nilikuwa nimerudi kukaa nao baada ya kazi yangu ya kiwandani kule EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, kuisha. Baba alikuwa amewasha gari uani ili lipate moto. Chini ya mngurumo wa kawaida kulikuwa na mkwaruzo mkavu, kama jiwe la kusagia lililoishiwa mahindi na sasa linajisaga lenyewe. Nikatoka na unga mikononi.

"Baba, ni nini hiyo inalia kwa injini?"

"Nini?"

"Hiyo sauti!"

Aliinamisha kichwa, akaitazama boneti. "Mimi sisikii kitu. Hii gari iko sawa, mwaitu."

Aliniita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Akiniita hivyo, nilijua mazungumzo yamekwisha.

Juma lile mshale wa joto ulianza kupanda. Baba alirudi kutoka kanisani mvuke ukifuka mbele ya gari, akasema ni jua. Kila asubuhi maji ya rejeta yalikuwa yamepungua, na chini ya injini palikuwa na doa la kijani lisilokauka. Kuku walipenda kudonoa pale. Tetea mmoja tulimkuta amekufa nyuma ya stoo, shingo imejikunja. Baba alisema ni kideri. Mimi nilimwaga mchanga juu ya lile doa, na kesho yake likajitokeza tena.

Mwishowe nilimwambia ama tulikague gari pamoja, ama nimwite fundi. Akakubali. Tulifungua boneti injini ikiwa baridi. Mpira wa kifuniko cha rejeta ulikuwa mzima. Mipira ya maji haikuwa na ufa. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akanionyesha: nyeusi, lakini safi. "Ingekuwa rangi ya chai ya maziwa," alisema, "tungejua maji imeingia kwa oili, na hapo ni kuuza vyuma tu."

Kisha akaniambia niwashe. Alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye injini na kubana mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Alihama taratibu, sehemu hadi sehemu. Alipofika kwenye pampu ya maji uso wake ulibadilika.

"Hapa," alisema. "Sasa naisikia."

Alibaki pale muda mrefu, macho ameyafumba, ingawa alikuwa ameshapata alichokuwa akitafuta. Nilidhani ni umakini.

"Basi gari ikae," nilisema. "Mama apande matatu."

Mama alikuwa Kivaa, upande wa Masinga, alikokwenda kumsaidia dadake kuvuna ndengu, na baba alikuwa amepanga kwenda kumchukua kwa gari.

"Mama yako ako na magunia. Pampu ikilia hivi, bado iko na safari moja ndani yake."

Sikuyaamini maneno hayo. Lakini sikuweza kumwacha aende peke yake.

Tuliondoka na mitungi ya maji nyuma. Ingawa nje kulikuwa na joto kali, tulifungulia hita hadi mwisho ili ipunguzie injini moto; niliyasoma hayo kwenye simu. Mkwaruzo ulikua kila tulipopanda kilima. Baba aliimba wimbo wa kanisa. Mimi sikuondoa macho kwenye mshale. Tulipoipita Masinga ulikuwa unakaribia alama nyekundu.

Kisha, kwa ghafla, ukaanguka hadi chini kabisa.

"Unaona?" baba alisema. "Imepoa."

Niliweka mkono mbele ya hita. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi. Kama hita haina joto, basi hakuna maji tena ya kulileta, na mshale nao hauna cha kupima.

"Baba, simama! Maji imeisha!"

Hakugeuka. Aliendelea kuimba. Nikamshika bega, na papo hapo kukapasuka kitu mbele yetu na injini ikazima. Tulikuwa kwenye mteremko. Usukani ulikuwa mzito, breki ngumu kama jiwe. Alizikanyaga kwa miguu yote miwili, akalivuta gari hadi kwenye vumbi la kando, likasimama huku nyuma yake bado ikiwa juu ya lami.

Alishuka, akakata matawi, akapanda nayo kilimani kuyaweka barabarani ili madereva wajue kuna gari limekwama. Aliporudi alitembea juu ya lami, mgongo ukielekea kilimani. Lori la mchanga likatokea nyuma yake.

Lilipiga honi. Hakusogea. Likapiga tena, ndefu, mpaka mbuzi wa kando ya barabara wakatawanyika. Uso wa baba ulikuwa umetulia kabisa. Nilimkimbilia nikipiga kelele, naye akanitazama mdomo na kutabasamu. Nilimvuta kwa shati, tukaanguka kwenye kokoto. Lori lilipita, matawi yakiburutwa chini yake.

"Hukusikia?" Nilirudia nikiwa mbele ya uso wake.

Alijipangusa vumbi kwanza. "Tangu mvua ya mwaka jana," alisema. "Lilianza sikio hili, halafu hili lingine. Watu wananiongelesha kama wako chini ya kisima."

"Lakini pampu uliisikia."

"Hiyo ilipita kwa mfupa." Akatazama chini. "Ilikuwa imekaa sana sijasikia kitu wazi hivyo. Hata kama ilikuwa mbaya."

Nilimpigia mama simu, naye akatufikia kwa bodaboda, gunia moja la ndengu mapajani. Baba alinikazia macho ninyamaze. Nikasema yote hata hivyo. Mama hakushtuka; alisema yeye amekuwa akimgusa bega kabla ya kumsemesha tangu kitambo, akingoja aseme mwenyewe.

Gari lilivutwa, na injini haikufaa kitu tena. Daktari alisema sikio moja huenda likasaidika kwa kifaa, nasi tunakingoja. Jumapili wazazi wangu huenda kanisani kwa miguu, mama upande wa lami, baba upande wa nyasi. Siku ambazo mama ni mgonjwa, baba hunikataza nisimfuate, ati yeye si mtoto. Basi mimi husimama langoni, nikisikiliza malori yakibadilisha gia pale kwenye kona, hadi nimwone amerudi.