Moto wa Sura Moja

Enzi zetu, wenzangu tuliokulia Kivinje, mtoto wa kike hakukabidhiwa moto hivi hivi. Kwanza unatumwa kuteka maji. Ukionekana huyamwagi njiani, unapewa nazi ukune, na ukiikuna bila kuila nusu, unapewa kipepeo upepee makaa. Miaka inapita, ndipo siku moja unaambiwa, "Leo shika kidirisha." Kidirisha ni kile kimlango cha chini ya jiko, cha kuingizia hewa na kutolea majivu. Aliyekishika ndiye mpishi, hata kama sufuria si yake. Watoto wa siku hizi wanakabidhiwa simu kabla hawajaota meno ya mbele. Sisi tulisubiri kidirisha.

Kwetu mwenye moto alikuwa Bibi Somoe, mzaa mama. Jiko lake lilikuwa la bati, limekandikwa udongo kwa ndani, mguu mmoja umepinda, na kimlango chake hakitulii mpaka ukibane kwa kigae. Hapo alipika kila kitu kinachotaka subira: mbaazi, njugu mawe, makongoro, na zaidi ya yote bokoboko. Kama umesahau bokoboko nakuonea huruma. Ngano imelowekwa tangu jana, inatiwa kuku, vinatokota polepole tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hata usijue ngano iko wapi na nyama iko wapi. Halafu inamwagiwa samli na vitunguu vya kukaanga. Mate yananijaa hata sasa ninapoandika.

Lakini bokoboko halitaki papara. Moto ukizidi, chini linaungua na juu punje bado ngumu. Na Bibi hakuwa na saa jikoni. Aliweka kiganja kando ya sufuria, juu ya ukingo wa jiko ambapo joto linapanda, akasoma Kulhuwallahu, ile sura fupi ya Kurani, taratibu. Kiganja kikianza kuwasha pale tu anapomaliza, huo ndio moto wa bokoboko. Akishindwa katikati, moto ni mkali, basi anasukuma kimlango ubaki upenyo wa kidole kimoja na kuyafunika makaa kwa majivu. Akisoma mara mbili na mkono bado una raha zake, moto umelala, anafungua vidole vitatu. Na kila alipomaliza aya ya pili alinyamaza, akakohoa moshi kidogo, khe khe, ndipo akaendelea. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani angejua kuwa sura inatumika kupimia moto, sijui angesema nini.

Zamu yangu ilikuja siku ya posa ya Mama mdogo Zuhura. Wazee wa upande wa mume walikuwa wanatoka Somanga, waje wale kwetu chakula cha mchana, halafu ndipo mazungumzo yaanze. Mama mdogo alimpenda yule kijana, sote tulijua, maana tangu alfajiri alikuwa amefagia uwanja mara tatu. Bokoboko likiharibika, wageni wangerudi kwao wakisema nyumba ile haina wapishi, na posa ingelala.

Sufuria ilipokuwa imetulia, Bibi akajifunga kanga aende kwa majirani kuazima masinia. Akaniita.

"Siwema, leo shika kidirisha. Usiongeze makaa. Kila mara pima kwa kiganja, sura moja. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi."

"Usinitie aibu kwa wakwe, mjukuu wangu."

Kichwa kilivimba, kilemba kisingenitosha. Miaka yote nilikuwa naingoja siku hiyo. Nikakaa kwenye kibao, nikalitazama jiko kwa madaha. Nje wenzangu walikuwa wanacheza rede, wananiita, nikajifanya siwasikii. Kisha upepo wa baharini ukaingia uani, ukapiga moja kwa moja kwenye kimlango, makaa yakawa mekundu. Nikapima.

Sasa lazima niseme ukweli. Chuoni mimi nilikuwa bingwa wa mbio. Kulhuwallahu niliitoa kwa pumzi moja, wenzangu bado wako kwenye bismillahi. Basi nikaweka kiganja, nikasoma kama nilivyozoea, nikamaliza, mkono mzima, sikushindwa katikati. Nikasema moyoni, moto uko sawa. Nikatoka nikacheza rede mzunguko mmoja. Nikarudi, nikapima, sura ikaisha kabla joto halijanifikia. Nikatoka tena. Nilipima mara nne, na mara zote nne nilijipongeza.

Bibi aliinusa harufu akiwa bado mlangoni. Aliweka masinia chini, akaja mbio ambazo sikuwahi kumwona nazo, akaepua sufuria na kuikalisha juu ya gunia lililolowa maji. Nikakamata mwiko nikoroge.

"Weka! Ukilikoroga umelimaliza lote."

Akalichota la juu taratibu, akalihamishia sufuria nyingine, la chini akaliacha limegandamana jeusi. Likabaki nusu. Mama mdogo alisimama kwenye kona ya ua, kanga ameing'ata, machozi yanamlenga. Bibi akafunga kimlango, akafunika makaa kwa majivu, akalirudisha lile lililopona liive mpaka mwisho. Kisha akanishika kiganja, akakiweka juu ya ukingo wa jiko.

"Soma nikusikie."

Nikasoma.

"Hiyo hukuisoma, umeifukuza. Haya, soma na mimi."

Tukasoma pamoja, aya mbili, khe khe, aya mbili. Moto haukubadilika, lakini kwa mwendo wake kiganja kilianza kuwasha, nikaelewa nilichokuwa nimekifanya, na niliona aibu mpaka masikioni.

Wageni walikula. Sisi wa nyumbani tulikula ukoko, tukasema tumeshiba. Mzee mmoja wa Somanga akalamba vidole, akasema, "Bi Somoe, bokoboko lako lina moshi kwa mbali."

"Wakwe tunawapikia hivyo," akajibu Bibi bila kupepesa macho. Mama mdogo akaolewa. Mimi nikarudishwa kwenye kukuna nazi, na kidirisha sikukishika tena mpaka Idi ya mwaka uliofuata.

Leo nina jiko la gesi, unazungusha kitufe moto unanywea. Ni raha, sitasema uongo. Lakini juzi gesi iliisha bokoboko likiwa katikati, nikalitoa jiko la makaa. Mjukuu wangu Nasra, aliyekuja likizo kutoka Dar, akatoa simu.

"Bibi, niambie tu ni sekunde ngapi, niweke taima."

"Sijui sekunde. Nisikilize."

Nikaweka kiganja, nikasoma. Akapima. Akaniomba nirudie, nikarudia mara tatu. Akaikodolea simu.

"Mbona zote zinalingana? Na mbona katikati unanyamaza?"

Sikuwa najua kuwa nanyamaza. Nilikaa nikafikiri, ndipo nikaelewa.

"Hapo Bibi yangu alikuwa anakohoa."

Nasra hakucheka. Aliweka simu chini, akanyoosha kiganja chake juu ya ukingo, akaanza kusoma polepole. Alipomaliza aya ya pili akanyamaza, akanitazama, akakohoa kidogo. Kisha akaendelea, na mimi nikamwambia ashike kidirisha.