Oili ya Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kwetu Moshono Jumapili moja baada ya ibada akiwa amebeba mashine ndogo yenye mota, kipete cha chuma na mkono wa kukandamizia. Aliitua juu ya meza ya chakula, nikawahi kuondoa sahani. Alikuwa ameacha biashara ya vifaa vya ujenzi akawa wakala wa oili ya injini ya sintetiki. Ukiitia kwenye gari leo, alisema, huigusi tena mpaka zipite kilomita elfu ishirini.

Alianza na oili ya kawaida, akaipaka kwenye kipete kinachozungushwa na mota. Akawasha, akakandamiza, chuma kikalia mpaka watoto wakaziba masikio, na mota ikasimama. Akafuta kile kipete, akadondoshea oili yake, akaulalia ule mkono kwa uzito wake wote. Mota ikaendelea kuzunguka. Mume wangu akapiga makofi.

"Ndani wameweka nini?" niliuliza.

"Unga wa almasi, shemeji. Na haya madini meupe." Akanionyesha kwenye lebo. Nimefundisha kemia miaka kumi na tisa, na jina la hayo madini sijawahi kulikuta kwenye kitabu chochote.

"Almasi si ndiyo inakata kioo? Humo kwenye injini itakata nini?"

"Hizi ni ndogo mno, haziwezi kukata."

"Kama ni ndogo hivyo, zinazuiaje vyuma visisagane?"

Alicheka, akamgeukia mdogo wake. "Mwalimu wako ameshaanza."

Sikuwa na ugomvi na oili ya sintetiki. Iliyo nzuri inadumu, hilo nalijua. Nilichotaka ni mtu mmoja tu anieleze hizo chembe zinafanya kazi gani humo ndani, na ni nani amezipima zaidi ya wanaoziuza.

Ile mashine aliiacha kwetu wiki nzima. Alasiri moja nilichukua shampuu ya mtoto, nikaipaka kwenye kipete, nikawasha na kukandamiza kwa mikono miwili. Haikusimama. Nilimwita mume wangu kutoka uani, nikarudia mbele yake.

"Umeona? Hii ni shampuu!"

"Nimeona," alisema. "Kwa hiyo unataka tuweke shampuu kwenye injini?"

Nilikaa chini. Nimewahi kufundisha watoto wagumu, lakini si wagumu hivi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka sokoni nikakuta mume wangu na kaka yake wameshamaliza. Oili ya shemeji ilikuwa ndani ya gari letu, na ile stika ambayo fundi huandika kilomita za kubadilisha oili walikuwa wameibandua.

Nikaamua kufanya kwa siri. Zilipofika kilomita elfu tano nililipeleka gari mtaa wa Sakina kwa fundi wetu, nikamwambia amwage oili yote, aweke ya kawaida na filta mpya.

"Na stika, mwalimu?"

"Usibandike."

Nilifanya hivyo tena zilipofika elfu kumi. Nilijiambia kwamba naokoa gari na pia naiepusha nyumba yangu na maneno.

Ndipo kikaja kipaimara cha binti yetu. Wageni walijaa uani, na shemeji akasimama kutoa neno la ukoo. Alimpongeza mtoto, kisha akaingia kwenye oili. Gari la mdogo wake, alisema, limeshavuka kilomita elfu kumi na nne bila kubadilishwa hata tone, na injini yake iko kimya kama mpya. Watu wakageuka kuliangalia lilipoegeshwa. Baba yangu alikuwa ameshuka kutoka kwake huko juu mlimani, amevaa koti lake la kanisani. Aliniinamia.

"Ni kweli, mwanangu?"

Shemeji alikuwa bado amesimama, na mume wangu alikuwa ananitazama.

"Gari linatembea vizuri, Baba," nilisema.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, aliyokuwa akibebea ndizi kupeleka soko la Tengeru, na kahawa msimu wake ukifika. Wiki ile ile alinunua oili ya shemeji. Sikujua. Alikuja kuniambia mwenyewe miezi mingi baadaye, kwa simu, wakati pikapu ilikuwa imezimika kwenye mwinuko ikiwa imejaa mikungu.

Tuliivuta mpaka Sakina. Fundi alipofungua chini, haikutoka oili ya kumiminika. Lilitoka tope jeusi, akawa analikwangua kwa kijiti.

"Ni hizo almasi?" niliuliza. Nilitamani sana aseme ndiyo.

"Hilo siwezi kukudanganya, mwalimu. Ninachoona ni oili iliyokaa mno. Injini ya dizeli ya umri huu huwezi kuiacha hivi. Imeshanoki, imekufa."

Baba alikuwa amesimama pembeni yangu. "Mbona ya mwanangu haikunoki?"

Fundi akainama na kuanza kupanga spana zake. Nikamwambia Baba ukweli, pale pale, harufu ya dizeli ikiwa imetujaa puani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuuliza," alisema.

Mume wangu alikasirika kwa sababu nilimdanganya, na hapo hakukosea. Shemeji sikutegemea kama angekuwa na la kusema, lakini alikuwa nalo. Pikapu ya Mzee ilikuwa chafu ndani tangu mwanzo, alisema, oili isilaumiwe. "Na gari lenu ndiyo basi, hatutajua kamwe. Shemeji ameharibu jaribio." Hata leo anauza oili ile ile kwa maneno yale yale, na mimi niliyetaka ushahidi ndiye niliyeumwaga kwenye beseni la fundi, mara mbili.

Baba alipata injini iliyotumika, ikafungwa. Siku ya kununua oili nilimpeleka kwenye duka moja Kijenge. Nikachagua galoni ya oili ya kawaida ya injini za dizeli, nikamweleza kwa nini ndiyo inayofaa na abadilishe baada ya kilomita ngapi. Aliipokea, akatoa miwani mfukoni, akasoma lebo polepole kuanzia juu mpaka chini. Kisha akaisogeza kwenye kaunta, mbele ya kijana wa duka ambaye hata hakujua injini yetu ni ya aina gani.

"Hii ni nzuri?" akamuuliza.

"Ni nzuri sana, Mzee."

"Haya," alisema Baba, "nipe."