Nguzo ya Pembeni

Kila Jumamosi, mzee wa chokaa aligusa kwanza nguzo nene za baraza kwa kiganja chake kilichopasuka, kama mtu anayepapasa ng'ombe wake, ndipo alipochovya brashi. Mgiriki mwenye jengo alikimbia waasi walipoingia Uvira. Mzee aliendelea kuzipaka nguzo hadi kwenye matao, maana migongo ya wamama wa soko walioziegemea haikuacha kuzichafua. Nguzo ya pembeni tu ilibaki na doa la mawese, pana kama mgongo wa Léocadie, muuza mafuta aliyevuka ziwa siku ya risasi. Brashi ililizunguka taratibu.

“Papa, hapa umesahau,” mama mmoja akamwambia.

“Sikusahau, mama. Nikipaka, akirudia atajua namna gani fasi yake ya kuuzia mafuta?”