Nilijitungia Hosteli Nairobi, Nikamkana Bi Kadzo wa Malindi

Kosa ni langu. Wala simsingizii shetani. Siku hiyo hata yeye angenishauri ninyamaze.

Mimi ni kijana wa Malindi mwenye shahada ya usimamizi wa biashara. Niliisoma kwa masafa, yaani chuo kilikuwa Nairobi nami nilikuwa papa hapa, nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo la Bi Kadzo. Mhadhara sikioni, chakula cha kuku mizanini. Mhadhiri akisema "ugavi", mkulima wa Jilore anasema "na dawa ya viwavi je?" Nikawa nawasikiliza wote wawili.

Bi Kadzo si mamangu. Ni mwajiri wangu tu, lakini kila mtihani alinipa ruhusa niende kituo cha chuo Mombasa, yeye akabaki na wateja na mgongo wake mbovu. Alipolazwa kwa huo mgongo, duka nililiendesha mimi msimu mzima wa mvua, na halikufa. Siku niliyofuzu alipiga vigelegele mpaka muuza mitumba wa jirani akauliza nani anaolewa.

Furaha hiyo ilifika harusi moja ya Mtwapa ikaishia hapo. Binamu yangu, aliyesomea chuoni kwenyewe na hana kazi mpaka leo, aliniuliza mbele ya sinia la pilau:

"Hiyo shahada yako ya simu, ndugu yangu, bando likiisha nayo inazima?"

Sinia zima likacheka. Mimi nikacheka kuwashinda, kisha nikarudi nyumbani kuanza kufa.

Nikawaza. Lo, kuwaza ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipata bila kutuma maombi! Nikakitoa cheti, nikakielekeza juani, nione kama kuna maandishi yaliyofichwa: "Huyu alisomea juu ya magunia." Hayakuwepo. Cheti changu na cha binamu havitofautiani hata nukta. Mtu timamu angetulia hapo. Mimi nikaona, kama cheti chenyewe hakisemi, ya nini mimi niseme?

Nikaitwa usaili Kilifi, kwa Bwana Amirali, anayesambaza bidhaa mahotelini. Alitaka meneja msaidizi. Nikavaa tai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Keti. Haya, nieleze umesoma vipi."

Swali jepesi, sivyo? Kwa wengine. Mimi nikasikia mtego. Vipi? Kwa nini vipi? Amejua? Basi kabla hajauliza zaidi nikamjengea hosteli. Ghorofa ya tatu, dirisha linatazama bustani. Nikamtilia ndani mwenzangu wa chumba, Otieno, anayekoroma. Nikasimulia baridi ya Nairobi, mimi ambaye Nairobi nimekwenda mara moja tu, siku ya mahafali, na joho lilinitoa jasho!

"Miaka yote hiyo hukufanya kazi yoyote?"

"Hapana, mzee. Nilizama masomoni."

"Hata huko kwenu Malindi? Hata dukani?"

Mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba ndiye aliyeushika. Nikaufunga mwenyewe.

"Kuna mama mmoja wa duka, nilikuwa nikimsaidia likizo. Kubeba magunia tu. Biashara za kienyeji, mzee, hamna cha kujifunza."

Bwana Amirali akakoroga chai yake. Kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Basi huyo aliyeliendesha duka la Kadzo alipolazwa, ni pacha wako?"

Jamani!

Kwetu pwani kazi haiombwi mikono mitupu. Mtu hutangulia akakutilia neno. Nimeijua desturi hiyo tangu utotoni, lakini siku ile nilikuwa mtu wa Nairobi, ningeikumbuka wapi? Kumbe Bi Kadzo na Bwana Amirali walikulia mtaa mmoja. Mama huyo alimpigia simu kimya kimya, asinivimbishe kichwa.

"Nilikuita kwa hayo aliyoniambia Kadzo," akasema. "Wala sikufichi, wenzangu wengi wanazikejeli shahada hizi. Wanasema za kujisomea kitandani. Hata mimi nilikuwa na shaka. Nilitaka nikuulize, mtu asiye na mwalimu wa kumtazama, ni nini kilikuwa kikimwamsha asome? Jibu lako lingenitosha."

"Naweza kulijibu sasa, mzee..."

"Sasa namsaili nani, wewe au Otieno?"

Nikashuka ngazi na tai yangu.

Nilipofika Malindi, simu ya Kilifi ilikuwa imenitangulia. Nyuma ya kaunta palikuwa na binti mgeni. Bi Kadzo alikuwa na hakika nitaipata ile kazi, akampa nafasi yangu. Yeye mwenyewe alikuwa akimpimia mteja mahindi ya kuku. Mteja akaitazama tai yangu.

"Huyu ndiye yule kijana wako msomi?"

Bi Kadzo hakuyainua macho kwenye mizani.

"Huyu? Alikuwa akinisaidia likizo."

Ole wangu! Afadhali angenitukana.

Nimemwomba radhi, ameipokea. Nikipita ananisalimu, chai ananipa. Lakini neno hajanitilia tena kwa mtu yeyote, na mimi sina uso wa kumwomba. Binamu yangu naye amenipigia kunipa pole. Sasa tunalingana, alisema, sote hatuna kazi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko ule mzaha wa bando.

Mwajiri wa kuidharau shahada yangu nilimwogopa miezi mizima. Nilipofika Kilifi sikumkuta, kwa sababu nilikwenda naye, nimemfunga tai mimi mwenyewe.

Wewe uliyesomea dukani, kwenye boda, jikoni au unaponyonyesha, nakusihi: ukiulizwa, sema. Wapo watakaokucheka, waache wacheke, utajua mapema kwamba mlango wao si wako, ukaenda zako. Lakini usimfiche aliyekushikia duka ukafanya mtihani. Kazi nyingine huenda ikapatikana. Bi Kadzo mwingine mimi bado sijamwona.