Mwenye Kuanzisha Wimbo

Eliane, jirani yangu, hawezi kukaa kitini mpaka chakula kiishe. Hula amesimama, goti likitikisika, waya za simu zikining'inia masikioni. Kila asubuhi hukimbia barabara ya Kalundu na muziki wake, na hasikii salamu ya mtu. Zamani, kijana aliyempita mzee bila kumwamkia tuliuliza kama ni mgonjwa. Leo anaitwa mwanamichezo.

Alizaliwa Bijombo. Akiwa mdogo alikuwa akishuka milima nyuma ya mama yake, Consolée, wanawake wakifuatana na mizigo ya viazi. Consolée alianzisha wimbo, wengine wakajibu. Aliyeshindwa kujibu, pumzi zilikuwa zimemwishia, basi msafara mzima ulipunguza mwendo. Siku hizi nani anampunguzia mwenzake mwendo?

Eliane alitaka kuingia katika timu ya kwenda kushindana Bukavu. Mbio za kuwachagua wawili wa kwanza zilianzia Luberizi kwenda Sange. Pale pa kuanzia, mwamuzi akanyoosha mkono.

"Toa hizo za masikio."

"Bila muziki miguu yangu haiendi, papa."

"Basi na miguu uiache hapa."

Akakimbia akisikia pumzi zake mwenyewe, zikamtisha. Kwenye mashamba ya mpunga akaanza kunong'ona wimbo wa mlimani. Lakini alijua majibu tu. Kila alipofika mahali pa mama yake kuanzisha alinyamaza, na mwendo ukavunjika. Alifika wa tatu. Wakamwambia imebaki nafasi moja ya akiba, itagombaniwa mwezi ujao.

Jioni nilimkuta Consolée uani, magoti yamevimba, anachambua sombe, majani ya muhogo. Eliane alikuwa amemwekea simu karibu na mdomo.

"Mama, anzisha nyimbo zote. Nizishike kichwani."

"Niimbie simu? Nani atanijibu?"

"Itakusikiliza."

"Hata ukuta unasikiliza."

Eliane akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

"Minye mwenyewe nitajibu."

"Weye ujibu umesimama hivyo? Kimbia."

Akaiacha simu juu ya kinu, akaanza kuzunguka uani. Consolée aliimba bila kuinua macho kutoka kwenye majani, binti akijibu. Jibu moja lilichelewa, mama akapunguza. Jibu likarudi lina nguvu, akaongeza.

Nikainuka nikavuta mbabula, jiko lenye makaa, nikaitoa kwenye njia yake, maana sasa alikuwa anakimbia kweli.