Aibu ya Kulirudisha Gari

Kaka yangu aliuawa na gari jipya. Nasema aliuawa, sisemi alipata ajali, kwa sababu ajali haina mwenyewe na hili lina wenyewe. Majina yao sitayaandika. Wengine wameacha watoto, na watoto hawakufanya kitu. Lakini nitawaeleza kwa kazi zao, na aliye hai akisoma atajijua.

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kupendeza asiyatafute hapa. Nilikuwa dereva wa lori la kaka. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa nta na asali pale Tabora mjini. Alinunua kwa warina asali wa porini, huko Usoke na mbele yake, akaichemsha nta, akaichuja, akaipakia kwenye treni kwenda pwani. Wakati huo bado ni Mwingereza anatawala. Ikatokea nta ikapanda bei huko Ulaya, sijui walikuwa wakiifanyia nini, na kaka akajikuta na fedha ambazo baba yetu hakuziona hata ndotoni. Mtu mwingine angejenga nyumba. Kaka nyumba alikuwa nayo. Akaagiza gari.

Tena si gari la kubebea watu. Gari la mbio, la watu wawili tu, pua ndefu, limelala chini utadhani linanyemelea kitu. Paa la turubai la kufunua, viti vya ngozi, ubao wa mbele wa mti uliong'arishwa mpaka unajiona meno. Rangi yake kijani iliyokolea, kama jani la muhogo baada ya mvua. Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa wilaya, hakuwa na gari la namna ile. Yeye alikuwa akitikisika kwenye gari la serikali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kaka aliliagiza kwa wakala wa Dar es Salaam, mtu mwenye duka la vioo vitupu, aliyemwapia kwamba limeshuka melini juzi na hakuna makalio yaliyowahi kulikalia.

Huyo wakala ndiye wa kwanza. Nitarudi kwake.

Gari lilikuja kwa treni ya mizigo, limefungwa kamba juu ya behewa la wazi. Nusu ya mji ilikuwa stesheni. Msimamizi wa makuli pale alikuwa Mzaramo, mtu mnene mwenye sauti ya kuita meli. Kwa msomaji wa mbali niseme hivi: Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani kwa miguu na kulala kwenye vijiji vyao. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kuwachekesha watu wasife na wao kwa huzuni. Huyu alikuwa mtani wa kaka hasa, wa kila siku, na nadhani walipendana kuliko ndugu wengi.

Alipomwona kaka amevaa koti jeupe, akapiga kelele kutoka juu ya behewa:

"Mnyamwezi! Leo mzigo ndio unakubeba wewe? Babu yako akifufuka atakutandika!"

"Shusha taratibu, Mzaramo. Hilo si gunia la nazi."

"Nazi ningeijua. Hiki ni kitu gani, kimekanyagwa na tembo?"

Watu wakacheka. Kisha nikamwona mtani anainama nyuma ya gurudumu. Anapitisha kidole kwenye mbao za behewa, anakinusa, anakitazama. Akanyanyuka.

"Huyu mtoto wenu anakojoa! Mtafutieni nepi!"

Stesheni nzima ikavunjika mbavu. Yeye akaendelea, mkono ameunyoosha, "Nasema linavuja hili! Msilichukue! Mrudishieni mwenyewe!" Kadiri alivyosema ndivyo watu walivyozidi kucheka. Wanawake walishika viuno.

"Wivu huo," kaka akamjibu. "Wewe hata baiskeli unaazima."

Nimeikumbuka dakika ile mara nyingi. Mtu aliona kasoro kwa macho yake, akaisema kwa sauti kubwa mbele ya halaiki, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu aliyesema ni mtani. Angekuwa karani yeyote mwenye kofia, tungeinama kutazama. Na yeye pia, kwa nini hakushuka akamvuta kaka pembeni, akamwambia kwa sauti ya kawaida? Nilimlaumu sana kwa hilo.

Gari lile lilikuwa na maradhi kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Ukikata kulia, honi inalia yenyewe. Rejeta ilichemka kabla hujafika Kipalapala. Tulipokwenda huko kulionyesha, mapadri wanafunzi wa seminari ya pale walitoka madarasani wakatukuta tumesimama kando ya njia tunalipepea kwa majani. Paa la turubai lilipitisha maji mahali pamoja tu, juu ya paja la dereva. Mlango wa kushoto, upande wangu, ulikuwa ukifunguka wenyewe kwenye kona, nikawa nimejizoesha kuushika kwa kiwiko. Hendibreki ilikuwa pambo. Haya yote tuliyacheka, na kaka alicheka kuliko wote.

Breki hakuicheka. Unakanyaga, pedali inazama kama unakanyaga unga wa mtama. Ukikanyaga mara ya pili, inashika. Kila asubuhi palikuwa na doa la mafuta ya breki chini ya gurudumu la nyuma, na kila asubuhi kaka aliamka kabla ya watu kupita, akalimwagia mchanga, akaufagia. Kaka yangu, mtu mwenye malori na watumishi, alikuwa akifagia mwenyewe. Mafuta yenyewe yalikuwa ya kutafuta kwa tochi pale mjini, na nikiyapata leo nayajaza, keshokutwa yako mchangani.

"Kaka, lirudishe," nikamwambia.

"Unakanyaga mara mbili tu. Kuna shida gani?"

"Ng'ombe akikatiza, atasubiri ukanyage mara ya pili?"

Baadaye akaenda posta, akapiga simu ya maandishi kwa wakala. Jibu likaja: lirudishe kwa treni, tutalitengeneza bure. Lilikuwa jibu zuri. Kaka alilikunja, akaliweka mfukoni, akawa anatembea nalo.

"Kwa treni," akaniambia siku moja tukiwa tunapima nta. "Yaani nilipandishe behewani pale pale. Mbele ya yule."

"Atacheka siku moja, kisha atanyamaza."

"Humjui wewe. Atanicheka mpaka wajukuu zangu."

Shemeji, mke wake, ndiye aliyemsukuma. Alimwambia wazi kwamba hatakaa eda kwa sababu ya gari, na kwamba akitaka kujiua ampe kwanza talaka. Kaka akacheka, akamwita mwehu, lakini asubuhi yake akavaa kanzu ya kawaida, akaniambia twende stesheni. Tulikwenda polepole kwa njia ya nyuma, paa tumelifunika, kama watu wanaosafirisha mgonjwa. Nilifurahi. Nilijua tukifika kwenye behewa mambo yamekwisha.

Mtani wetu alikuwa amesimama kwenye mizani na makuli wake. Alituona tukiingia. Akavua kofia, akapiga goti moja chini.

"Karibu, bibi harusi! Unarudi kwenu? Mume kashindwa, au hakukukuta bikira?"

Makuli walianguka kwa kicheko. Mmoja akachukua debe akaanza kulipiga, wengine wakapiga vigelegele vya kejeli, na mtani akaja mbele akicheza, anakifuta kioo cha gari kwa kofia yake, anaimba, "Karudishwa huyo, karudishwa!"

Nilimtazama kaka. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lile la mtu aliyebanwa kidole na hataki ujue.

"Nani kakwambia linarudi? Nimekuja kuulizia mabehewa ya nta yangu."

"Nta iko wapi?"

"Iko njiani."

"Basi na mwali kaja kuipokea!"

Wakacheka tena. Kaka akauliza habari za mabehewa, akajibiwa, akashukuru, akageuza gari. Tulipofika nyumbani alikaa na usukani mkononi, injini imezimwa.

"Nimeshindwa, mdogo wangu," akasema. "Maneno yalikuwa hapa mdomoni."

"Turudi sasa hivi. Mimi nitasema."

"Acha. Kesho."

Hiyo kesho ilibaki mdomoni mwake kama lile jibu la wakala mfukoni. Ningekuwa na akili niliyonayo leo, ningeliiba gari usiku nikalisukuma stesheni peke yangu. Lakini nani alimwibia kaka yake mkubwa gari wakati ule? Sisi tulilelewa mkubwa akisema acha, unaacha.

Safari ya Usoke ilikuwa ya kwenda kwa wakwe zake wa pili, aliokuwa ndiyo kwanza anapeleka posa. Nilimwomba twende na lori.

"Mimi niposee kwenye lori? Nikanuke nta mbele ya wazee?"

Basi tukaenda na gari. Tukashika barabara ya magharibi, ile iliyofuata njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Asubuhi njema, upepo, paa limefunuliwa. Kaka alikuwa na raha kweli. Aliniambia kwamba babu yetu alilala njia hii miezi akiwa na pembe begani, na yeye atakula chakula cha mchana Usoke na kurudi kulala kwake. Mara ya mwisho nilipoyaona meno yake anacheka, ni hapo.

Kuna mteremko unaoshuka kwenye kijito. Chini kabisa kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, limeziba njia yote, mchungaji mtu mzima akiwa katikati yake. Kaka akakanyaga. Akakanyaga tena. Nilisikia mguu wake ukigonga sakafu ya gari, mara ya tatu, ya nne, sauti ile ya kiatu juu ya bati. Akasema taratibu, bila kelele, kama anayepokea habari:

"Imekataa."

Akakata kulia kumkwepa yule mchungaji. Honi ikalia. Mlango wangu ukafunguka kama ilivyo desturi yake, na safari hii kiwiko hakikuuweza. Nikarushwa nje, nikaangukia kwenye nyasi na mkono ukavunjika. Yeye alikwenda na gari mpaka kwenye shina la mninga.

Kwa hiyo kasoro moja iliniokoa mimi na nyingine ikamchukua yeye. Zote zilitoka duka moja. Nimekaa nayo hiyo miaka yote na sijui niishukuru au niitukane.

Lori la tumbaku lilitubeba kurudi Tabora. Alikata roho tukiwa bado njiani, kichwa kikiwa kwenye magoti yangu, na usukani umemwachia alama kifuani.

Tulipolivuta lile gari kulirudisha mjini, madigadi ya nyuma ilikuwa imebanduka rangi, kipande kizima, kama ngozi ya maziwa. Chini yake palikuwa na bonde lililojazwa rojo, na kutu. Kutu, kwenye gari jipya. Lilikuwa limeangushwa bandarini au limegongwa, na paipu ya breki ikapondwa hapo hapo, na mtu akapaka rangi juu akaandika mpya. Nilimwandikia wakala kwa mkono wa kijana wa posta, maana wangu ulikuwa kwenye bandeji. Akajibu kwa heshima, na pole nyingi, kwamba walimtaka marehemu alirudishe na marehemu hakulirudisha. Ni kweli. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, kwamba mwongo alinijibu neno la kweli.

Siku ya mazishi mtani alikuja. Ilikuwa lazima aje, ni desturi, na watu walikuwa wakimngoja. Jeneza lilipotoka uani likiwa mabegani, alijitokeza akasimama katikati ya njia, mikono ameitandaza, amelizuia. Ndivyo watani wafanyavyo. Wanazuia mpaka wapewe kitu, na hapo hapo wanamwiga marehemu, wanamtania, wanamdai. Wabebaji wakasimama. Wanawake waliokuwa wakilia wakageuza nyuso, wengine tayari wameshaanza kutabasamu na machozi bado yapo.

Akafungua mdomo. Kisha akaliambia jeneza:

"Nilikwambia linavuja."

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kikubwa, kile kile cha stesheni. Kuli mmoja akapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu, mkono umefungwa shingoni, na niliuona uso wake. Hakuwa anatania. Alikuwa anatuomba tumsikie, mara ya pili, na mara ya pili tulicheka.

Akapisha njia bila kudai chochote.

Nilimlaumu kwa miaka, na siku nyingine bado namlaumu, hasa nikilikumbuka lile debe. Lakini siwezi tena kusema alinyamaza. Alikuwa na sauti moja tu ya kutumia kwetu, na sauti ile tulikuwa tumeshaipangia kazi ya kutuchekesha.

Bado yupo Tabora, amezeeka, kazi alishaacha. Tunakutana njiani kuelekea Itetemia ninakolima siku hizi. Zamani angenitukana kutoka mbali, ukoo mzima, na mimi ningemrudishia. Sasa tukikaribiana namwamkia shikamoo. Anaitikia marahaba, macho chini, na kila mmoja anapita na njia yake.